Uzito wa Ukurasa

Mkutano wa Jumatatu ulisema mfumo uko sawa.
Mwenzetu wa Dublin alibonyeza, ukafunguka
kabla hajakohoa.
Wa Singapuri akasema kwake pia, si haba.
Wa Tandahimba hakuwamo.
Mkutano ulikuwa kwa video, na video kule haipandi.

Nikaenda mwenyewe.

Ghalani nilimkuta Somoe Nalinga,
karani, msimu wake wa sita,
kanga kaifunga kiunoni juu ya sketi ya ofisi.
Mbele yake mzani, nyuma yake magunia hadi darini,
na kwenye kioo, kile kiduara
kinachojizungusha kama kuku aliyepigwa kichwani.
"Hapo," akaniambia, "nashona midomo ya magunia mawili.
Kikigoma sana, matatu."
Yeye hapimi kwa sekunde.

Nikakaa juu ya gunia, nikahesabu.
Stakabadhi moja ya Hashimu Litunu,
kilo mia mbili na kumi na nne,
iliiuliza seva maswali arobaini na matatu,
moja baada ya jingine, kwa adabu zote:
jina lake nani? Swali liende Ulaya, lirudi.
Kijiji chake kipi? Liende, lirudi.
Kitufe kiwe rangi gani?
Kama mtoto aliyetumwa kwa jirani kuomba chumvi,
akarudi, akatumwa kiberiti,
akarudi, akatumwa kijiko,
na jirani mwenyewe anaishi ng'ambo ya bahari.
Mtoto hana kosa. Mbio anakimbia.
Ni sisi tuliomtuma bila kujua tunapika nini.

Halafu ile picha.
Juu kabisa ya ukurasa mkulima anacheka,
meno yote nje, bibo jekundu kiganjani.
Megabaiti sita.
Niliiweka mimi.
Nilisema, nakumbuka, italeta uhai.
Kumbe mkulima wa picha amekaa mlangoni
na mkulima wa ghalani hapati pa kupita.

Hashimu alitazama kiduara, akatazama barabarani.
Gunia lake moja lilikuwa bado kwenye baiskeli,
na pale kona, kijana wa kangomba na pikipiki yake,
bakuli mkononi, noti kwenye soksi.
Kangomba haina seva.
Haimwambii mtu subiri.
"Hiki kinachozunguka," Hashimu akaniuliza, bila ukali,
"kinatafuta nini?"
Nilikuwa bado napanga jibu
alipoishika baiskeli usukani.

Usiku, nyumba ya wageni, feni ikilia,
nikaing'oa picha.
Maswali arobaini na matatu nikayafunga fungu moja,
mtoto aende mara moja, na kikapu.
Yasiyobadilika, majina ya vijiji, madaraja ya korosho,
nikayalaza humu humu, kwenye mashine ya Somoe,
maana Mahuta haitahama usiku.
Nikaomba seva ya pili, Dar es Salaam.
Dublin wakauliza gharama.
Nikawaandikia habari za gunia la kwenye baiskeli.
Bado hawajajibu.

Asubuhi Somoe alibonyeza, akachukua sindano kama kawaida.
Stakabadhi ikatoka kabla hajatunga uzi.
Akabonyeza tena, kuhakikisha haikukosea njia.
Foleni ikasogea, ikasogea,
mpaka wapagazi wakalalamika kwamba mikono yao ndiyo seva sasa.

Saa nane akanywa maji, akasema:
"Jana nikisubiri, niliwauliza ya nyumbani.
Leo nimewaandikia watu themanini
na sijui mke wa nani anaumwa."

Nikafungua daftari.
Kuna safu ya sekunde, safu ya uzito, safu ya makosa.
Niliandika pembeni, kwa penseli.
Hashimu hakurudi siku hiyo.
Gunia lake lilikuwa na kilo ngapi
hakuna ukurasa wowote, mzito wala mwepesi, unaojua.